Kizimkazi: Samaki wa Kukaanga Wasiovishwa Unga

Msafiri atokaye mjini Unguja kwenda kusini ya kisiwa huipita Tunguu, akaingia katika kivuli cha msitu wa Jozani wanamoishi kima punju, kisha akafika Kitogani, ambako barabara hugawanyika. Anayekwenda Paje hushika njia ya mashariki. Anayekwenda Kizimkazi hukunja kulia, akapita Muyuni, na kuendelea mpaka ardhi inakaribia kwisha na harufu ya bahari ikaingia garini kabla bahari yenyewe haijaonekana.

Kizimkazi ni vijiji viwili, Dimbani na Mkunguni. Watalii wengi huja hapa kuwatazama pomboo, na jua linapopanda hurudi zao mahotelini. Muislamu aliyefika Dimbani hapaswi kuondoka bila kusimama kwenye msikiti wake wa kale. Kwa nje ni jengo la kawaida, lenye paa la bati, na mpita njia asiyeambiwa anaweza kulipita. Ndani, kwenye kibla, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Jengo limetengenezwa na kujengwa upya katika nyakati mbalimbali, lakini maandishi hayo ni miongoni mwa yaliyo makongwe kabisa ya Kiislamu katika mwambao wetu. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia tisa watu wa pwani hii wamekuwa wakiswali hapa, na bila shaka wakitoka hapa kwenda kula samaki.

Samaki ndio waliotuleta kwenye makala haya.

Diko na wenyewe

Hatua chache kutoka msikitini kuna diko, mahali vyombo vinapoegesha na samaki wanapoteremshwa. Ghuba ya Menai iliyo mbele yake imewekwa kuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na uvuvi wa baruti na wa nyavu zinazoburura chini hauruhusiwi. Asubuhi ngalawa na mashua huingia kwa kufuata maji na upepo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wavuvi huwabeba samaki kwa mwendo mrefu juu ya mchanga. Wakati wa maji mafu, chombo hukaribia na kazi ikawa nyepesi.

Wanaoteremshwa hutegemea msimu na zana. Wa dema ni changu, tasi na pono. Wa mshipi ni kolekole, nguru na chewa, na bahari ikikubali, jodari. Samaki wadogo hutungwa kwa ukindu vikawa mitungo, na wakubwa huuzwa kwa mnada pale pale mchangani, kwa sauti na kwa haraka, kwa kuwa jua halimsubiri mtu.

Mnunuzi mzoefu hamwulizi mvuvi kama samaki ni mbichi. Humtazama jicho: liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limedidimia wala kufanya ukungu. Hufunua shavu aone wekundu. Hubonyeza ubavu kwa kidole aone kama nyama inarudi. Kisha hunusa; samaki mbichi hunuka bahari, naye aliyelala hunuka samaki. Maarifa haya ni muhimu zaidi kwa mpishi asiyetumia unga, kwani unga na viungo vingi vinaweza kumficha samaki aliyechoka, lakini samaki aliyepakwa chumvi na bizari tu hana pa kujificha.

Sinia mbili katika nyumba moja

Nilifikia kwa jamaa wa upande wa ndoa, nyumbani kwa mwanamke mtu mzima ambaye watoto, wajukuu na majirani wote humwita Bi Mkubwa. Ana kisukari cha ukubwani kwa miaka mingi sasa. Alipoambiwa kliniki apunguze wanga na mafuta, watoto wake walifanya kile ambacho nyumba nyingi hufanya kwa mapenzi mema: walimtengea chakula. Wao wakila samaki wa kukaanga kwa wali wa nazi kwenye sinia kubwa ukumbini, yeye huletewa chumbani kibakuli cha samaki wa kuchemsha asiye na chumvi ya kutosha wala ladha ya kutosha, pamoja na mboga zilizopoa.

"Mwanangu," aliniambia, "maradhi nayaweza. Kula peke yangu ndiko kulikonishinda."

Ndugu msomaji anajua uzito wa maneno hayo. Kwetu, sinia ni zaidi ya chombo. Hapo ndipo mtoto hujifunza kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Hapo ndipo mkubwa huwasogezea wadogo mnofu na kuulizia habari za chuoni na skuli. Mzee anayeondolewa kwenye sinia huondolewa kwenye mazungumzo ya nyumba. Bi Mkubwa alianza kurudisha kibakuli kikiwa kimejaa nusu. Siku nyingine alisema ameshiba kabla hajala. Mwili ukapungua, na sukari haikutulia, kwa sababu mtu asiyekula mlo wake hujikuta saa kumi za jioni akitafuta kipande cha mkate na chai.

Aliyelitatua jambo hili ni mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa. Alijiuliza swali rahisi: katika samaki wa kukaanga, wanga uko wapi hasa?

Samaki hana kosa

Jibu lake ni la faraja. Nyama ya samaki haina wanga wa kuhesabika. Gramu 100 za samaki wa bahari zina protini ya takriban gramu 20, na mafuta kidogo au mengi kulingana na aina yake. Ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na bizari vinavyotumika katika kumkolezea ni kidogo mno kuweza kupandisha sukari. Mafuta ya kukaangia hayana wanga hata chembe, ingawa yana mambo yake ambayo tutayafikia.

Wanga huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni unga wa ngano anaovishwa samaki. Vijiko vitatu vya chakula vya unga huo vina wanga wa takriban gramu 18. Mlango wa pili ni mpana zaidi nao husahauliwa: kile kinachowekwa ubavuni mwa samaki. Gramu 200 za wali uliopikwa zina wanga unaozidi gramu 50. Kiasi hicho hicho cha muhogo wa kuchemsha kina zaidi ya gramu 70, na chipsi hazipo mbali na hapo. Kwa hiyo mtu anayemvua samaki unga, kisha akajaza sahani chipsi, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Mkwe wa Bi Mkubwa alipomweleza hayo, mzee alicheka. Alimwambia kwamba alipokuwa msichana samaki wa nyumbani hakuvishwa unga. Alipakwa chumvi, ndimu na bizari, akaanikwa kidogo upeponi, akatiwa karaini. Kwa mzee huyu, basi, chakula ambacho leo kinaitwa cha wanga kidogo ni mapishi aliyokuwa akiyaona jikoni kwa mama yake.

Kazi ya unga, na nani ataifanya

Mapishi yasiyo na unga huwashinda wengi kwa sababu hawajui unga ulikuwa ukifanya kazi gani. Unga hunyonya maji yaliyo juu ya ngozi ya samaki, hivyo mafuta hayarukiruki na samaki hagandi karaini. Tena huunda gamba kavu linaloiva rangi ya dhahabu na kulia mdomoni. Ukiuondoa unga bila kumteua naibu wa kazi hizo, samaki atang'ang'ania karai, atavunjika, na wanafunzi wako wa jikoni watasema mapishi ya afya hayana raha.

Naibu wa kwanza ni ukavu wenyewe. Samaki huparuliwa magamba, hutolewa matumbo na mashavu, huoshwa, kisha huchanjwa ubavuni mara mbili au tatu. Kwa samaki wa kilo moja, waliokatwa vipande au changu wanne wa kiasi, twanga chembe sita za thomu na kipande cha tangawizi, uchanganye na kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha bizari ya manjano, nusu kijiko cha pilipili manga na maji ya ndimu moja. Paka nje, ndani na kwenye machanjo. Mwache kwa dakika 20 hadi 30. Asikae saa nyingi, kwani ndimu huilegeza nyama ikamomonyoka. Baada ya hapo, mfute kwa kitambaa safi na umpange kwenye ungo, chini ya kawa ili nzi wasimguse, mahali penye upepo, kwa muda wa nusu saa. Mwenye jokofu anaweza kumweka humo bila kumfunika. Ngozi ikiguswa isinate kidoleni. Samaki huyu anaweza kwenda karaini hivyo hivyo, naye ndiye wa zamani wa Bi Mkubwa.

Naibu wa pili ni chicha la nazi. Kila nyumba ya pwani inayopika kwa tui hubaki na chicha, na mara nyingi huishia kwa kuku. Nazi iliyokunwa na kukaushwa ina wanga mchache unaomeng'enywa, kwani sehemu kubwa ni nyuzinyuzi na mafuta. Vijiko vitatu vya chakula vina takriban gramu moja tu ya wanga wa kupandisha sukari. Chicha, ambalo limekwisha kukamuliwa, hubaki na nyuzinyuzi kwa wingi.

Lichukue chicha la nazi moja, ulikamue mpaka likome kutoa maji, kisha ulikaange kavu kwenye kikaango kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka liwe jepesi, linukie na kugeuka rangi ya mchanga. Likipoa, lisugue kwa viganja au ulitwange kidogo liwe laini. Tia chumvi kidogo, pilipili manga na nusu kijiko cha bizari nyembamba iliyosagwa. Piga mayai mawili kwenye sahani. Chovya samaki mkavu kwenye yai, kisha mlaze kwenye chicha na umbonyeze kwa kiganja pande zote mbili. Mwache apumzike dakika kumi ili vazi lishike.

Wapo wanaotumia unga wa dengu wakidhani hauna wanga. Una nyuzinyuzi na protini kuliko wa ngano, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake bado ni wanga. Unga wa muhogo nao ni wanga karibu wote. Karanga zilizosagwa hufaa kwa asiyedhurika nazo.

Karai na moto

Mafuta yafike kina cha nusu ya unene wa samaki. Yapashe mpaka ncha ya mwiko wa mti ikitumbukizwa itoe vipovu vidogo vya mfululizo. Hapo joto liko kiasi cha nyuzi 170 hadi 180. Yakianza kutoa moshi yamepita kiasi, na chicha litaungua kabla nyama haijaiva. Yakiwa baridi, samaki atayanywa.

Mteremshe samaki taratibu, kichwa kikielekea mbali nawe. Usijaze karai, kwa kuwa samaki wengi kwa pamoja hupunguza joto. Kisha fanya jambo gumu kuliko yote: mwache. Mpishi mwenye wasiwasi humgeuza kabla ya wakati, na ngozi hubaki karaini. Upande ukiiva huachia wenyewe. Kwa changu wa kiasi, dakika nne hadi tano kila upande zinatosha. Kipande kinene cha nguru huhitaji zaidi kidogo. Nyama karibu na mfupa iwe nyeupe isiyong'aa na iachane kwa urahisi. Ukimtoa, mweke juu ya wavu au ungo mafuta yachuruzike, usimrundike kwenye bakuli lililofunikwa, kwani mvuke utalilainisha vazi ulilolihangaikia.

Kuhusu mafuta, tuseme ukweli. Kuondoa wanga hakumgeuzi samaki wa kukaanga kuwa chakula cha kila siku. Kila gramu ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na mafuta ya nazi yana kiwango kikubwa cha yale mafuta mazito yasiyopendeza kwa mwenye lehemu nyingi au maradhi ya moyo. Mafuta ya alizeti yanamfaa zaidi. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, mazito au yenye harufu yamwagwe. Siku nyingine za wiki, samaki huyo huyo apakwe viungo vile vile na kuchomwa juu ya makaa.

Jambo lisiloachwa kwa jikoni peke yake

Hapa kuna tahadhari ambayo familia ya Bi Mkubwa iliijua kwa gharama. Walipogundua siri ya wanga, mzee alifurahi mno, akaacha wali, muhogo na mkate siku moja, huku akiendelea na vidonge vyake kama kawaida. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, walimkuta jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, na anamwita mjukuu kwa jina la marehemu nduguye. Sukari ilikuwa imeshuka. Jirani aliyewahi kuuguza alimkorogea sukari katika maji, akanywa, na baada ya robo saa fahamu zikatulia. Alhamdulillah, hakuwa peke yake chumbani.

Sindano za insulini na baadhi ya vidonge, kama vile glibenklamaidi, huishusha sukari hata kama mtu hajala wanga. Dozi hupangwa kwa kuangalia chakula. Chakula kikibadilika, dozi nayo huenda ikahitaji kubadilika, na anayeibadilisha ni daktari. Basi mgonjwa aende kliniki kwanza, aseme anachotaka kukipunguza, na apunguze kidogo kidogo huku akipima. Kipimo kikiwa chini ya 4, au dalili zile zikionekana, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na arudiwe ikiwa haijapanda. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Mwenye maradhi ya figo naye aulize kiasi cha samaki kinachomfaa, kwani protini nyingi inaweza kumwelemea. Na anayekusudia kufunga Ramadhani, mashauriano hayo yafanyike Shaabani au kabla yake, yasingojee mwezi uandame.

Bi Mkubwa alirudi kliniki, vidonge vikapangwa upya, na wali haukufutwa kabisa. Ulipunguzwa.

Sinia ilivyopangwa

Siku niliyokula nao, sinia ilikuwa moja. Nusu yake ilikuwa mboga: mchicha uliokaangwa kwa kitunguu, bamia, na kachumbari ya nyanya, tango na kitunguu iliyokamuliwa ndimu. Robo ilikuwa samaki, changu wenye vazi la chicha la rangi ya dhahabu. Robo iliyobaki ilikuwa wali, na watoto walijisogezea zaidi upande wao. Pembeni kulikuwa na mbilimbi zilizotwangwa kwa pilipili mbuzi na chumvi. Kinywaji kilikuwa maji; maji ya matunda, hata yasiyotiwa sukari, yaliachwa kwa wengine.

Hakuna aliyetangaza kuwa hiki ni chakula cha mgonjwa. Mjukuu mdogo alipigania mkia uliokauka vizuri, na Bi Mkubwa ndiye aliyeamua ugomvi, akaugawa mara mbili. Alikula akashiba, akauliza habari za mjini, akamkosoa mwanawe kwa kuchelewa kulipa deni la nyavu.

Faida nyingine ilionekana kwa wasioumwa. Mzee akiwa na kisukari cha ukubwani, watoto wake nao wana hatari iliyo juu kuliko watu wengine, hasa uzito ukizidi na mwili ukikosa mazoezi. Sinia iliyopangwa kwa ajili ya mama, kwa hiyo, inamlinda pia mwana anayedhani hana habari na maradhi. Na mfuko haukutoboka: chicha lilikuwa likitupwa, mayai ni mawili, na hakuna kitu kilichoagizwa kutoka duka la mbali.

Msomaji asiye karibu na bahari asivunjike moyo. Sato wa ziwani hukubali mapishi haya bila kulalamika, naye mwenye nazi kavu ya pakiti aangalie tu kwamba haikutiwa sukari. Anza na samaki mmoja Ijumaa hii, baada ya swala, wakati nyumba imejaa. Ikiwa katika nyumba yako kuna mzee anayeletewa kibakuli chumbani, mwite ukumbini kabla hujakaanga, akuonyeshe namna mama yake alivyokuwa akifanya. Huenda mapishi unayoyatafuta yakawa kwake. In shaa Allah, samaki atakapotoka karaini, mikono yote itakutana kwenye sinia moja.